Burkitt ya mtoto wetu ni ya aina gani, na je, tusubiri kipimo cha jeni kabla ya dawa?

*Swali: Daktari, habari za kazi. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 6, tunaishi Sengerema. Taya la kushoto lilivimba ghafla, ndani ya wiki tatu meno yakaanza kucheza. Mwanza wamemkata kinyama wakapima, wakasema ni limfoma ya Burkitt. Ripoti inasema: CD20 chanya, CD10 chanya, BCL2 hasi, Ki-67 karibu 100%, EBER chanya. Wanataka kuanza dawa wiki hii. Binamu yetu aliyeko Uingereza amesoma kwamba Burkitt siku hizi imegawanywa katika aina tatu za kimolekuli, na anasisitiza tusikubali dawa mpaka tujue mtoto ana aina ipi. Amepata maabara huko itakayopokea sampuli, majibu ni baada ya wiki 6. Kaka ameanza kusita. Je, tusubiri? Na mdogo wake wa miaka 3, naye apimwe? (Shangazi wa mtoto, Sengerema)*

Shangazi, pole sana na kuuguza. Msisubiri. Wakisema dawa zianze Alhamisi, zianze Alhamisi.

Burkitt ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote anazougua binadamu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Hiyo Ki-67 ya karibu 100% mliyoiona kwenye ripoti maana yake ndiyo hiyo: karibu kila seli ya uvimbe iliyotazamwa kwenye hadubini ilikuwa katika hali ya kugawanyika. Katika wiki 6 kilichoko tayani leo kinaweza kuwa kimeshafika tumboni, kwenye figo, kwenye uboho na kwenye maji ya uti wa mgongo, na mtoto ambaye angetibika kirahisi akawa mgonjwa wa namna nyingine kabisa. Msomee kaka sehemu hii kwanza. Mengine mtayasoma mtoto akiwa tayari ana dripu.

Binamu yenu lakini hakukosea alichosoma. Aina hizo tatu, zinazotofautishwa kwa jeni za uvimbe, zipo na zimechapishwa. Alipoteleza ni pale alipodhani kwamba kujua aina kunabadilisha dawa atakazopewa mtoto.

Tuanze na kile ambacho Burkitt zote zinacho, iwe ya mtoto wa Sengerema au ya mtu mzima wa Stockholm. Seli B ni chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikikutana na kijidudu, huingia ndani ya tezi za limfu na kuanza kuzinoa kingamwili zake kwa njia ya ajabu kidogo: zinakata na kubadilisha jeni zao wenyewe, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho AID. Ukikata DNA kila siku katika mamilioni ya seli, ipo siku mkato utaangukia pasipo pake. Kwenye kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli ikue na igawanyike. Katika Burkitt, kipande chenye MYC kimekatika na kuungwa mahali penye jeni za kingamwili: kwa takriban wagonjwa 8 kati ya 10 ni kwenye kromosomu ya 14, kwa waliobaki ni ya 22 au ya 2. Na kwa kuwa ndani ya seli B jeni za kingamwili hazipumziki, MYC nayo haipumziki. Ni sawa na taa iliyounganishwa kimakosa kwenye laini ya mashine ya kusaga: mashine ikinguruma taa inawaka, na swichi yake ya zamani haina kazi tena.

Seli ya kawaida ikisukumwa na MYC kiasi hicho hujiua yenyewe, ndiyo kinga ya mwili. Kwa hiyo Burkitt haitoki kwa kosa moja. Lazima kuwe na jambo la pili linaloizuia seli isife, na aina zote mnazozisikia zinatofautiana katika jambo hilo la pili.

Huku kwetu, jambo hilo mara nyingi ni kirusi, na hadithi yake ni ya huku huku. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kuwaona watoto wenye mataya yaliyovimba katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari la zamani kutoka Uganda wakashuka kusini mwa Afrika, safari ya takriban maili 10,000, wakipita hospitali kwa hospitali wakiuliza kama uvimbe huu upo. Waliona kwamba unafuata joto na mvua: upo mabondeni na kandokando ya maziwa, unapotea ukipanda nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na ndani ya ukumbi alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli zake. Ndicho kinachoitwa hadi leo Epstein-Barr, kwa kifupi EBV, na ndicho kirusi cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nawaeleza haya kwa sababu nyingine pia: mtu asije akawaambia kwamba ugonjwa huu unaeleweka Ulaya tu. Ulieleweka kwanza kwa watoto wa kandokando ya ziwa lenu.

EBER iliyoko kwenye ripoti yenu ni alama ya kirusi hicho. Hapa familia nyingi huchanganyikiwa. Karibu kila mtoto wa ukanda wetu ameshaambukizwa EBV kabla hajafika miaka 3, kwa mate tu, na damu yake ikipimwa kingamwili itaonyesha chanya. Hilo peke yake halina maana yoyote ya saratani. EBER ni kitu tofauti. Inaonyesha kwamba kirusi kimo ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Katika Burkitt ya watoto wa Afrika Mashariki hali huwa hivyo kwa zaidi ya 95 kati ya 100. Marekani na Ulaya ni kama 20 hadi 30 kati ya 100.

Malaria nayo ina mkono wake. Maambukizi ya malaria ya falciparum yanayojirudia huzichosha seli zinazokidhibiti EBV, na wakati huo huo huzilazimisha seli B kuingia kwenye tezi na kufanya ile kazi ya kukata jeni kupita kiasi. Jirani zenu wa Mara ya Kaskazini walishiriki jaribio la jambo hili kati ya 1977 na 1982, watoto walipogawiwa klorokwini kupunguza malaria. Burkitt ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla dawa hazijagawiwa, kwa hiyo jaribio halikuwa ushahidi safi ambao watu walitarajia. Ushahidi wa kimaabara ndio uliokuja kuziba pengo hilo miaka mingi baadaye.

Kwa muda mrefu Burkitt iligawanywa kwa ramani. Kulikuwa na ya ukanda wa malaria, ya sehemu nyingine za dunia, na ya watu wenye kinga dhaifu, hasa wanaoishi na VVU. Mgawanyo huo ulifaa wakati tulikuwa na hadubini na atlasi. Mimi sikuwahi kuupenda sana, kwa sababu ulimfanya mtoto wa Nairobi asiye na EBV aitwe jina moja na mtoto wa Kisumu mwenye EBV, na hakuna aliyeuliza kama uvimbe wao ni kitu kimoja.

Kisha ukaja usomaji wa jeni. Mwaka 2012 timu kadhaa zilionyesha kwamba uvimbe mwingi wa Burkitt una mabadiliko katika jeni ID3 na TCF3, na mengine katika CCND3. ID3 ni breki ya TCF3; ikiharibika, seli hupata ishara ya kuishi bila kuambiwa na mtu. Katika Burkitt za nje ya ukanda wa malaria mabadiliko ya jozi hiyo yalikuwa kwa takriban 7 kati ya 10, katika zetu kama 4 kati ya 10. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliosoma jeni zote za uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 100, wakiwemo watoto wa Uganda, na ukauliza swali lililopaswa kuulizwa zamani: kinachotenganisha Burkitt hizi ni nchi au kirusi? Jibu lilikuwa kirusi. Uvimbe wenye EBV ulikuwa na makovu mengi zaidi ya kile kimeng'enya AID, lakini ulikuwa na uharibifu mchache zaidi katika jeni zinazoiamuru seli ife. Inaeleweka: kirusi chenyewe kinaizuia seli isife, kwa hiyo uvimbe hauna haja kubwa ya kuziharibu jeni hizo. Uvimbe usio na kirusi unalazimika kufanya kazi hiyo kwa mabadiliko ya jeni. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake mpya wa saratani za damu, linasisitiza Burkitt itenganishwe kwa EBV, yenye kirusi na isiyo nacho, kuliko kwa ramani.

Maana yake, shangazi, mgawanyo wa kimolekuli ulio muhimu kuliko yote mnao tayari. Umeandikwa kwenye mstari mmoja wa ripoti ya Mwanza: EBER chanya.

Aina tatu za binamu zilitoka mwaka 2023. Watafiti walisoma jeni zote za Burkitt 230, za watoto na watu wazima, wakazilinganisha na uvimbe 295 wa limfoma nyingine, ile ya seli B kubwa. Burkitt zikajipanga katika makundi matatu. Kundi moja linatambulika kwa mabadiliko ya jeni DDX3X, GNA13 na GNAI2, wakaliita DGG. La pili ni la ID3 na CCND3, likaitwa IC. La tatu halina mabadiliko mengi, lakini jeni TP53 imeguswa. Hilo wakaliita Q53. TP53 ndiyo jeni inayoisimamisha seli iliyoharibika na kuiua, na ikipotea, dawa nyingi zinakosa mlango wa kuingilia. Tafiti za watoto wa Ulaya zimeonyesha kwamba wale ambao TP53 ya uvimbe wao imeharibika ndio ugonjwa wao hurudi zaidi.

Ni kazi nzuri sana, na naamini miaka ijayo itatusaidia. Ila angalieni ilivyo leo. Uhusiano wa makundi hayo na matokeo ya wagonjwa haukufanana kati ya watoto na watu wazima. Watoto wengi waliopimwa huko walitibiwa kwa dozi nzito ambazo wodi nyingi za kwetu haziwezi kuzitoa kwa usalama, kwa hiyo huwezi kuchukua matarajio yao ukayabandika kwa mtoto wenu. Na hakuna hospitali, si London wala Boston, inayompa mtoto wa DGG dawa tofauti na mtoto wa IC. Mngelipia kipimo, mngesubiri wiki 6, mngeletewa herufi tatu, na daktari wa Mwanza angerudi kwenye dawa zile zile alizotaka kuanza wiki hii. Nasema hivi nikijua kwamba siku hizi neno "molekuli" linauzwa sana, na wapo wanaolitumia kuwatoa wazazi pesa za safari.

Kipimo cha jeni kinachoweza kuwa na maana kwa sasa ni kile cha kuona kama MYC imehama mahali pake. Kinahitajika pale ripoti inapokuwa na utata, kwa mfano BCL2 (protini inayoizuia seli isife) ikiwa chanya au mgonjwa akiwa mtu mzima, kwa sababu zipo limfoma nyingine zinazofanana na Burkitt na zinatibiwa tofauti. Kwa mtoto wa miaka 6 wa kandokando ya ziwa, mwenye uvimbe wa taya na hayo majibu mliyoyaandika, mimi nisingekuwa na shaka kiasi cha kuchelewesha dawa.

Vipimo vya kuuliza wiki hii ni vya kawaida zaidi. Ultrasaundi ya tumbo. Uboho na maji ya uti wa mgongo, kuona ugonjwa umefika wapi. VVU na homa ya ini B. Figo, potasiamu na asidi ya yuriki. Hivi vya mwisho visidharauliwe. Dawa za Burkitt zinaua seli nyingi kwa mkupuo, na mabaki yake yakimwagika kwenye damu yanaweza kuziba figo ndani ya siku moja mbili. Ndiyo maana mtamwona akipewa dripu nyingi na vidonge vya alopurino kabla ya dawa yenyewe, na wauguzi wakipima mkojo wake kila saa. Mama yake awasaidie kuandika. Mkojo ukipungua aseme hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Dawa zenyewe kwa kawaida ni saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, pamoja na sindano za mgongoni ili ugonjwa usijifiche kwenye ubongo. Ile CD20 chanya ina maana yake pia: ni kishikizo ambacho dawa ya rituksimabu hukikamata. Katika jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2020, watoto wenye ugonjwa ulioenea waliopewa rituksimabu juu ya dawa za kawaida, 93.9% walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi wala tatizo jingine kubwa, dhidi ya 82.3% kwa wasiopewa. Muulizeni daktari wake kama ipo na kama inamfaa. Inashusha kinga, na hospitali lazima iweze kupambana na maambukizi yanayofuata. Asipoitumia ana sababu, na mtoto bado ana nafasi nzuri.

Nchi tajiri zinawaponya zaidi ya watoto 9 kati ya 10. Huku kwetu hospitali nyingi zimekuwa zikiripoti nusu hivi, nyingine juu kidogo. Pengo hilo halitokani na herufi za DGG. Linatokana na watoto kufika wakiwa wamechelewa, dawa kukatika, maambukizi, utapiamlo, na jambo moja ambalo liko mikononi mwenu kabisa: kuacha matibabu katikati. Burkitt inadanganya. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache, mtoto anakula, anacheka, na ukoo unakaa kikao kuamua arudi nyumbani kwa sababu amepona na nauli imekwisha. Hajapona. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi huwa zimeshazoea dawa. Hapo ndipo mchango wa binamu unapohitajika kweli. Hizo pauni alizotaka kuilipa maabara, zilipe nauli za kwenda Mwanza kwa kila mzunguko na chakula cha mama akiwa wodini, mpaka daktari atamke mwenyewe kwamba tiba imekwisha.

Jambo moja la kumridhisha: ombeni kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta kihifadhiwe maabara, kisitupwe, na muandike namba yake. Kinakaa miaka. Ugonjwa ukija kurudi, Mungu aepushe, au vipimo vya jeni vikija kuwa na kazi hapa kwetu, kitapimwa bila kumkata mtoto tena. Nao watafiti wa Tanzania na Uganda wakishirikiana na Oxford wamekuwa wakijaribu, katika mradi uitwao AI-REAL, kusoma alama za uvimbe na za EBV kutoka kwenye damu tu, ili mtoto mwenye limfoma ajulikane mapema bila kusubiri kinyama. Mkiombwa kushiriki utafiti wa namna hiyo, ulizeni maswali yote mnayotaka, lakini msiogope kuchangia mililita chache za damu. Usipochelewesha dawa, utafiti huo hauna ubaya.

Mdogo wake hahitaji kipimo chochote. Makosa ya jeni niliyoyaeleza yametokea ndani ya seli za uvimbe wa kaka yake tu. Hakuzaliwa nayo na hakuyarithi kwa wazazi. Kuna magonjwa ya kurithi ya kinga yanayoweza kuleta limfoma kwa wavulana wa familia moja, ila ni nadra mno, na daktari angeyafikiria kama ndugu wengine wa kiume upande wa mama wangekuwa wamefariki wadogo kwa maambukizi au limfoma. Burkitt haiambukizi, waendelee kulala pamoja na kula sahani moja, isipokuwa mgonjwa atakapokuwa na kinga ndogo na wodi ikasema atengwe na wenye mafua. Huyo mdogo alale kwenye chandarua na akipata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na akija kuvimba taya, jino la ukubwani au la utotoni likalegea kabla ya wakati wake, jicho likatokeza nje au tumbo likajaa ndani ya siku chache, msimpeleke kung'olewa jino; mpelekeni moja kwa moja hospitali walikomtibu kaka yake.